Pengo la Upande Mmoja: Istilahi za Urithi Zinapofika Ngerengere

Ngerengere ni mji mdogo ulio mashariki ya Morogoro, kando ya Reli ya Kati, katika nchi tambarare iliyo chini ya milima ya Uluguru. Mto wenye jina hilo huanza milimani humo, hulijaza bwawa la Mindu, kisha huelekea mashariki mpaka ukakutana na Ruvu. Wakazi wa sehemu hizi ni Waluguru, Wakwere, Wakutu na Wazaramo, pamoja na watu wa makabila mengi walioletwa na kazi za mkonge na za reli. Twautaja mji huu mwanzoni kwa kuwa ndipo tulipofunzwa kwamba sentensi yaweza kuwa na maneno sanifu tangu mwanzo hata mwisho, na bado ikampa msomaji habari isiyo kweli.

Tulikuwa tumefasiri ukurasa mmoja wa maelezo juu ya ualbino kwa ajili ya mikutano ya wazazi. Mwalimu mmoja aliusoma kwa sauti. Sentensi yetu ya kwanza ilisema hivi: "Ualbino ni hali ya kurithi iliyomo katika ukoo; husababishwa na jeni mbaya ambayo mzazi humrithisha mtoto." Baada ya kusomwa, bibi mmoja aliyekuwa amempakata mjukuu mwenye ualbino alinyoosha mkono. Alisema: "Wanangu, ukoo hapa kwetu ni wa mama. Basi karatasi yenu yasema kosa ni letu." Binti yake, mama wa mtoto yule, alikuwa amekwisha kuachwa na mumewe kwa maneno hayo hayo. Hatukuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jibu letu lililochelewa, na ni tahakiki ya ukurasa wetu wenyewe kabla ya kuwa tahakiki ya kazi ya mtu mwingine.

SENTENSI MOJA NA MAKOSA YAKE

Tuanze na neno "ukoo". Katika kamusi neno hili lamaanisha jamaa wa asili moja, bila kubagua upande. Lakini istilahi haisomwi na kamusi, husomwa na watu. Kwa Waluguru ukoo, ambao wao huuita lukolo, hufuata upande wa mama. Ardhi ya ukoo hupitia huko, na mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Kumwambia Mluguru kwamba hali fulani "imo katika ukoo" ni kumwambia kwamba imetoka kwa mama. Kwingineko nchini, ambako ukoo ni wa baba, sentensi ile ile ingemshitaki baba. Neno lenye kuelekeza lawama huku mahali hapa na kule mahali pale halifai kubeba habari ya sayansi isiyobadilika kwa mahali.

Neno la pili ni "mzazi". Sisi tulikusudia mmoja kati ya baba na mama, yeyote yule. Lakini kila hospitali ina wodi ya wazazi, na wanaolazwa humo ni wanawake peke yao. Katika mazungumzo ya zahanati "mzazi" ni mwanamke aliyejifungua au anayekaribia kujifungua. Maelezo ya afya yasemapo "mzazi humrithisha mtoto", wasikilizaji waliokaa kwenye mabenchi ya kliniki wamekwisha kumjua mzazi huyo ni nani.

Kosa la tatu ni la sarufi, na ndilo kubwa zaidi. Tuliandika "jeni mbaya ambayo mzazi humrithisha" kwa umoja. Neno "jeni" limo katika ngeli ambayo umoja na wingi vina umbo moja. Tofauti huonekana katika upatanisho tu: jeni imepotea, jeni zimepotea. Hivyo herufi mbili au tatu za kitenzi ndizo zinazoeleza kama ni moja au ni mbili. Katika habari ya ualbino, moja na mbili ndiyo habari nzima. Mwenye moja iliyoharibika ana rangi kama watu wengine. Mwenye mbili zilizoharibika ndiye mwenye ualbino. Sisi tuliandika moja.

Na kosa la nne ni neno "mbaya". Tutalirudia baada ya kueleza jambo lenyewe, maana haiwezekani kuhukumu istilahi kabla ya kukijua kile inachokiita.

JAMBO LENYEWE

Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Karibu kila moja anayo mara mbili: moja ameipata kwa mama, nyingine kwa baba. Wanaume wana hali ya peke yake kuhusu kromosomu za jinsia, lakini kwa kromosomu nyingine zote kanuni ni hiyo. Swali la makala haya ni hili: moja kati ya hizo mbili ikipotea, seli hufanyaje, na ugonjwa huja wakati gani?

Mwalimu wa Ngerengere alitusaidia kwa mfano wa majembe. Chukua nyumba yenye majembe mawili, moja limetoka kwa jamaa wa mke na jingine kwa jamaa wa mume. Jembe moja likivunjika, mambo manne yaweza kutokea.

La kwanza: shamba ni dogo, na jembe lililobaki latosha. Hii ndiyo hali ya wazazi wengi wa watoto wenye ualbino. Ualbino ulio wa kawaida zaidi barani Afrika hutokana na jeni iitwayo OCA2, iliyomo katika kromosomu ya 15, ambayo huziwezesha seli za ngozi, nywele na macho kutengeneza rangi. Mwaka 1994 na 1995 watafiti walionyesha kwamba sababu kubwa nchini Tanzania ni kipande cha herufi 2,700 hivi kilichokatika na kutoweka ndani ya jeni hiyo. Mwenye upungufu huo upande mmoja hana dalili, kwa sababu jeni ya upande wa pili yafanya kazi ya kutosha. Kwa kadirio linalotumiwa sana, mtu 1 kati ya 1,400 hivi nchini ana ualbino. Kwa hesabu ya kawaida ya urithi, kadirio hilo lina maana kwamba takriban mtu 1 kati ya 19 ana upungufu wa upande mmoja. Katika darasa la watoto 40 basi yatarajiwa wawepo wawili, na huenda mwalimu wao akawa wa tatu. Si jambo la ukoo mmoja wala la nyumba moja.

La pili: shamba ni kubwa na mvua zimekaribia, jembe moja halitoshi. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Ziko jeni ambazo seli huhitaji mazao ya zote mbili kwa ukamilifu. Mfano ni PAX6, iliyomo katika kromosomu ya 11, inayoongoza ujenzi wa jicho mtoto angali tumboni. Mtoto aliyepungukiwa na moja tu, hata kama ya pili ni nzima kabisa, huzaliwa bila lile duara lenye rangi linaloizunguka mboni, au akiwa nalo kidogo sana, na uoni wake huwa hafifu. Hapa hakuna ubaya wowote katika jeni iliyobaki. Kuna nusu ya kazi, na nusu haitoshi.

La tatu: jembe lililobaki latosha, lakini baadaye nalo lavunjika. Hili ndilo jambo la saratani ya jicho la watoto iitwayo retinoblastoma, ambayo mara nyingi huonekana kwanza kama weupe katika mboni. Mwaka 1971 Alfred Knudson wa Marekani alichunguza habari za watoto 48 waliougua. Aliona kwamba wenye ugonjwa wa kurithi huupata wakiwa wadogo zaidi, na mara nyingi katika macho yote mawili. Akaeleza kuwa mapigo mawili yahitajika. Mtoto wa aina ya kwanza amezaliwa na pigo moja katika kila seli; lasalia moja tu, nalo laweza kutokea katika seli yoyote ya retina. Mtoto wa aina ya pili hana pigo la kuzaliwa nalo. Mapigo yote mawili sharti yatokee katika seli moja, jambo lililo adimu. Jeni yenyewe, RB1 iliyo katika kromosomu ya 13, ilipatikana mwaka 1986.

La nne ni gumu kuliko yote: majembe ni mawili, lakini moja lilifungiwa stoo tangu mwanzo. Likivunjika lililo nje, nyumba haina jembe, ingawa kwa hesabu bado lipo. Ziko jeni chache ambazo seli hutumia ya baba tu au ya mama tu, na nyingine hufungwa. Katika kromosomu ya 15 iko sehemu ya namna hiyo. Kikipotea kipande chake cha upande wa baba, mtoto huzaliwa akiwa mlegevu, na baadaye hushikwa na njaa isiyoshiba. Hali hii ilielezwa mwaka 1956 na madaktari wa Uswisi, Prader, Labhart na Willi. Kikipotea kipande hicho hicho cha upande wa mama, mtoto huchelewa sana kukua kiakili, hupata kifafa, husema maneno machache au hasemi kabisa; hali hii ilielezwa mwaka 1965 na Harry Angelman wa Uingereza. Kipande ni kile kile, magonjwa ni mawili, na tofauti ni upande uliopoteza.

Yafaa kutambua kwamba jeni ya OCA2 imo katika sehemu hiyo hiyo ya kromosomu ya 15. Kwa hiyo wengi wa watoto hao waliopoteza kipande kizima huwa na ngozi na nywele zenye rangi hafifu kuliko jamaa zao. Hata jeni tuliyosema kwamba moja yatosha, si kila mara yatosha kwa ukamilifu. Mfasiri asikaze mipaka kuliko maumbile yenyewe yalivyoikaza.

ISTILAHI TULIZO NAZO

Sasa twaweza kuzipima istilahi zitumikazo.

"Seli" na "chembe". Neno "chembe" ni letu la siku nyingi, lakini lina kazi nyingi mno: chembe ya mchanga, chembe ya ukweli, chembe ya moyo. "Seli" limekwisha kuenea mashuleni na hospitalini, na limezaa istilahi iliyo miongoni mwa zile bora kabisa za utabibu, yaani "selimundu". Asiyesoma biolojia hata siku moja hulijua umbo la mundu, na jina lamwonyesha ugonjwa ulivyo. Tunashauri "seli" liendelee.

"Jeni" na "kinasaba". Neno "vinasaba" liliundwa kwa ustadi kutokana na "nasaba", na limekubalika kwa umma. Lakini wananchi walilisikia kwanza na zaidi katika habari za mahakama na za Mkemia Mkuu wa Serikali, yaani kipimo cha kumtambua baba wa mtoto. Mama mwenye mtoto mwenye ualbino akiambiwa "twende tukazungumze habari za vinasaba", huenda akadhani ameshukiwa. Kwa maoni yetu "vinasaba" libaki kwa ile dutu nzima inayopimwa, na "jeni" litumike kwa kipande chenye kazi maalumu.

"Nakala". Hili hutumika sana siku hizi: nakala ya mama, nakala ya baba. Lina faida ya kueleweka haraka. Lakini kila karani ajua kwamba nakala ina barua halisi mahali fulani, na barua halisi ina nguvu kuliko nakala. Katika jeni hakuna halisi wala nakala; zote mbili ni sawa kwa cheo. Tena katika ofisi nakala ikipotea hatuna wasiwasi, maana iliyo halisi ipo katika jalada. Dhana hiyo ya faraja haifai hapa.

"Tawala" na "fiche". Waalimu wengi hueleza kwamba jeni fulani hutawala na nyingine hujificha. Kwa ua na njegere maneno hayo yafaa. Kwa jeni iliyopotea hayafai, kwa sababu kisichokuwapo hakijajificha. Retinoblastoma yaudhihirisha upungufu wa maneno haya waziwazi. Ukiutazama ugonjwa katika familia, waonekana kama unaotawala: mtoto apokeaye kasoro kutoka upande mmoja kwa kawaida huugua. Ukiutazama ndani ya seli, waonekana kama uliojificha: seli haiharibiki mpaka zote mbili zipotee. Istilahi ambayo ni kweli nyumbani na si kweli ndani ya seli yahitaji angalizo kila inapoandikwa.

"Mbeba ugonjwa". Katika habari za kipindupindu au homa ya matumbo, mbebaji ni mtu aliye na vimelea na aweza kumwambukiza mwenziwe. Tukilitumia neno hilo hilo kwa mtu mwenye upungufu wa upande mmoja, tumempa jirani yake sababu ya kumkimbia. Hana ugonjwa, habebi ugonjwa, na hawezi kumwambukiza mtu.

Iko pia istilahi ya kigeni isemayo kwamba jozi ya jeni ni ya "nira tofauti", maana mzizi wake wa Kigiriki ni nira ya ng'ombe wawili. Ilipotafsiriwa kwa sauti ikawa "heterozaigosi". Milimani Uluguru kilimo ni cha jembe la mkono, na hata aliyezoea nira haioni tena ndani ya neno hilo. Wanasayansi husema "kupotea" kwa hali hiyo wakimaanisha jambo la hila kidogo: mwaka 1983 ilionyeshwa kwamba katika seli za retinoblastoma jeni nzima yaweza kutoweka na mahali pake pakachukuliwa na mfano wa ile iliyoharibika. Kwa idadi ziko mbili. Kwa asili zote zimetoka kwa mzazi mmoja. Kilichopotea ni utofauti. Mfasiri aandikaye "kupotea kwa jeni" hapa amekosea hesabu.

Na sasa "mbaya". Neno hili, pamoja na ndugu zake "kasoro" na "ovu", hufanya kutokuwapo kuonekane kama kuwapo. Msikilizaji hufikiri kimeingia kitu kibaya, na akisikia kimeingia huuliza kimeingizwa na nani. Katika nchi iliyoshuhudia mauaji ya watu wenye ualbino tangu katikati ya muongo wa 2000, hasa Kanda ya Ziwa, swali hilo si la mchezo. Zaidi ya hayo, neno si la kweli kisayansi. Katika pwani ya Kenya na kaskazini mashariki ya Tanzania, watu wengi wamepungukiwa na moja kati ya jeni nne za alfa-globini. Wana afya yao, na upungufu huo huwakinga kwa kiasi fulani dhidi ya malaria kali. Tutaiitaje "mbaya"?

TWAPENDEKEZA

Mapendekezo yafuatayo hatuyaleti kama hukumu. Tumejaribu kutumia maneno yaliyomo tayari vinywani mwa watu.

(a) Jeni ya kukeni, jeni ya kuumeni. Kiswahili kina maneno haya tangu zamani kwa jamaa wa upande wa mama na wa baba. Yana uzito sawa, wala hayategemei kabila lahesabu ukoo kwa upande upi. Zote mbili pamoja ziitwe jozi ya jeni.

(b) Pengo. Kipande cha vinasaba kilichokatika na kutoweka kiitwe pengo. Mwenye jino lililong'oka hasemwi kuwa ana jino baya. Husemwa ana pengo. Na ule msemo kwamba jino la pembe si dawa ya pengo unawafaa pia wanaouza dawa za kuondoa ualbino.

(c) Mwenye pengo la upande mmoja, badala ya mbeba ugonjwa. Pale ambapo jeni haikukatika bali imebadilika, kama katika selimundu, "pengo" lisitumike; tuseme mwenye jeni moja iliyobadilika. Istilahi nzuri huharibika kwa kutumiwa mahali pasipo pake.

(d) Upungufu wa nusu, kwa hali ambayo jeni moja nzima haitoshi.

(e) Pigo la pili, kwa kupotea kwa jeni iliyobaki ndani ya seli. Na kupotea kwa utofauti wa jozi, pale ambapo zimebaki mbili zenye asili moja.

(f) Jeni iliyofungwa, kwa ile ambayo ipo lakini haitumiki kwa sababu ya upande ilikotoka. Tusiseme imepotea.

Yumkini mtu atauliza kama tofauti hizi si za wataalamu tu. Twajibu kwa mfano mmoja. Upo uwezekano wa kipande kimoja cha kromosomu ya 11 kukatika na kuchukua PAX6 pamoja na jirani yake, jeni iitwayo WT1. Mtoto wa namna hiyo huzaliwa na macho yasiyo na lile duara la rangi, kwa upungufu wa nusu. Aidha yumo katika hatari ya saratani ya figo, kwa sababu WT1 iliyobaki yangoja pigo la pili. Pengo ni moja, lakini jambo la kwanza limekwisha kutokea na la pili laweza lisitokee kamwe. Muuguzi anayemweleza mama yake hana budi kuwa na maneno mawili tofauti. La sivyo, ama atamtisha bure, ama atamwacha asirudi kwa uchunguzi wa figo.

Elimu ya sekondari bado hutolewa zaidi kwa Kiingereza, na habari za urithi hufundishwa humo. Mwananchi aliyeishia darasa la saba husikia juu ya jeni kwa mara ya kwanza siku anapopewa habari ya mtoto wake mwenyewe. Istilahi zitakazotumika siku hiyo ndizo elimu yake yote.

Kwamba maneno yaweza kubadilika tumekwisha kuona. Chama kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa jina la albino leo hujiita cha watu wenye ualbino, na neno "zeruzeru" limeondoka katika maandishi ya serikali. Waliosema kwamba wananchi hawatakubali neno refu walikosea. Wananchi hukubali neno refu wakiona lina mtu ndani yake.

Tuliuandika upya ukurasa wetu. Sentensi ya kwanza sasa ni hii: "Kila mtoto hupokea jeni mbili za kutengeneza rangi, moja ya kukeni na moja ya kuumeni. Ualbino huu hutokea pale ambapo zote mbili hazifanyi kazi. Kwa hiyo baba na mama wamechangia sawasawa, bila wao kujua na bila kosa lao." Tuliongeza pia kwamba wazazi wote wawili wakiwa na pengo la upande mmoja, uwezekano wa kupata mtoto mwenye ualbino ni 1 kati ya 4 kwa kila mimba. Tulisisitiza "kwa kila mimba", maana wapo waliosoma "mmoja kati ya wanne" wakadhani kwamba baada ya mtoto mmoja watatu wanaofuata wamesalimika.

Ukurasa huo ulisomwa Ngerengere mahali pale pale. Yule bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaomba sehemu ya kuumeni irudiwe. Kisha akauliza: "Na baba yake huyu ataisoma lini?" Wanaume waliohudhuria walikuwa wawili. Hilo si la istilahi, na Baraza haliwezi kulitatua. Hata hivyo karatasi tulimpa mbili, moja yake na moja ya kupelekwa kwa jamaa wa baba, naye akazikunja akazitia katika ncha ya khanga.

Tunawaalika wafasiri, waalimu na wauguzi watuandikie juu ya mapendekezo haya, hasa wale wa sehemu ambako ukoo huhesabiwa kwa upande wa baba. Huko nako "kukeni na kuumeni" yapasa kujaribiwa mbele ya wasikilizaji kabla ya kusanifishwa.